Je, Wajua? Kompyuta Ilianza Kuhesabu Saa Tisa Usiku

Wakati mwingine faili kwenye simu hudai kwamba lilitengenezwa tarehe 1 Januari 1970, saa tisa kamili usiku, hali mwenye simu mwenyewe alizaliwa miaka thelathini baadaye. Je, wajua saa hiyo imetoka wapi?

Mfumo wa Unix, ulioanzia katika maabara za Bell nchini Marekani, hauweki tarehe kama tunavyoiandika sisi. Ndivyo ilivyo pia kwa jamaa zake waliofuata, ikiwemo Linux iliyomo ndani ya kila simu ya Android. Huweka namba moja tu: idadi ya sekunde tangu saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Wakati huo Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Chombo kikipoteza hesabu na kubaki na sifuri, hurudi kwenye sekunde ile ile ya mwanzo, na simu ya huku kwetu huionyesha kama 03:00.

Hesabu hiyo ina ukomo. Mashine za zamani ziliitengea nafasi ya biti 32, na namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Baada ya hapo, mashine ambayo haijarekebishwa itageuza namba iwe hasi na kuamini kwamba ni Desemba 1901. Kompyuta na simu mpya hutumia biti 64, kwa hiyo zimesalimika. Wasiwasi uko kwenye vidude vilivyofungwa viwandani na ukutani zamani, ambavyo hakuna anayekumbuka nani alivifunga.

Kuna jambo moja kuhusu saa ambalo mimi naliona ni deni. Ukiiweka simu kwa Kiswahili, itakutajia Jumatano na Septemba bila kukosea, lakini saa inabaki ya Kizungu. Saa yetu, inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, bado inamsubiri mtu wa kuiandikia msimbo na kuipeleka mahali panapostahili.

Saa hiyo ya Kizungu nayo ina chanzo chake. Ipo hifadhidata moja ya saa za dunia ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea ili kujua ni saa ngapi wapi. Ilianzishwa miaka ya 1980 na Arthur David Olson, na kwa muda mrefu imetunzwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa msaada wa watu wa kujitolea. Ndani yake Dar es Salaam na Kampala hazina mistari yao. Zote mbili zinaelekezwa kwenye faili la Nairobi. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi zinaelekezwa Maputo, na Muscat inaelekezwa Dubai. Ukilisoma faili la Nairobi utakuta historia ambayo hata wazee wengi hawaikumbuki: kati ya mwaka 1937 na 1942 Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, si saa tatu kama leo.

Mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani inayouza programu za unajimu iliwashtaki Olson na Eggert, ikidai kwamba tarehe za kubadili saa zilizomo humo zimetoka kwenye atlasi zake. Kwa siku kadhaa hifadhidata ilitoweka mtandaoni. Mwaka uliofuata kampuni ilifuta shauri na kuomba radhi. Fikiria: wanaume wawili wasiolipwa hata senti kwa kazi hiyo, na saa za ndege, benki na simu za dunia nzima zilikuwa mikononi mwao.

Hiyo ndiyo sura halisi ya programu huria, na mtu akishaiona mara moja haachi kuiona. Tunazungumza juu ya intaneti kana kwamba ni mali ya kampuni tano kubwa. Ukifunua chini, unakuta fundi mmoja hapa, wawili pale.

Chukua SQLite. D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000, na leo iko kwenye kila simu ya Android na iPhone, ikihifadhi majina ya watu unaowapigia na ujumbe unaotumiwa. Hipp hakuiwekea leseni. Aliitoa iwe ya watu wote, na pale ambapo wengine huandika vitisho vya kisheria, yeye aliandika dua ya mistari mitatu ya kumtakia heri anayeusoma msimbo.

Je, wajua kwamba mistari 11 ya msimbo iliwahi kusimamisha kazi za watu duniani? Machi 2016 Azer Koçulu, mwandishi wa programu, alikasirika baada ya jina la kifurushi chake kimoja kuchukuliwa na kupewa kampuni iliyolidai. Akaondoa vifurushi vyake vyote kwenye ghala la msimbo la npm, kimoja kati yao kikiitwa left-pad. Kazi yake ilikuwa ndogo: kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi hadi yafikie urefu unaotakiwa. Maelfu ya programu zilikuwa zimejengwa juu yake, nyingi bila waandishi wake kujua, na zote zikagoma kuundwa. Wenye ghala walilazimika kukirudisha ndani ya saa chache.

Kisa cha mwaka 2024 kinatisha zaidi. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Wengi tungepuuza. Yeye alifuatilia hadi akagundua kwamba programu ya kubana mafaili iitwayo xz imetiwa mlango wa siri. Aliyeutia alijiita Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipendekeza kwa mtunzaji wa xz, mtu mmoja aliyekuwa amechoka, hadi akakabidhiwa funguo. Tarehe 29 Machi Freund alitangaza alichokiona, kabla mlango huo haujasambaa kwenye seva nyingi za dunia. Nusu sekunde ndiyo iliyotuokoa.

Majina nayo yana habari zake. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, alitangaza mfumo wake mwaka 1991 akisema ni kazi ya kujifurahisha tu. Alitaka uitwe Freax. Rafiki yake Ari Lemmke, aliyemtengea nafasi kwenye seva, ndiye aliyeliita folda hilo Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zote hutumia Linux. Python, lugha ya kuandikia programu, si chatu hata kidogo: Guido van Rossum aliazima jina kutoka kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Wiki, jina la tovuti zinazohaririwa na wasomaji wenyewe, ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, ambalo Ward Cunningham alilikuta kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kudhani ni siku saba.

Maneno yetu yamo pia. Kivinjari cha Apple kilichotangazwa Januari 2003 kinaitwa Safari, na injini yake ilitokana na KHTML, kazi ya mafundi wa kujitolea wa mradi wa KDE. Programu huria inayoigiza kompyuta za kale za Atari ST inaitwa Hatari. Ubuntu, aina ya Linux iliyotoka Oktoba 2004, ni neno la lugha za Wanguni wa kusini, lakini Mswahili hahitaji kamusi: ni utu ule ule. Kwa miaka kadhaa walioitaka walitumiwa sidii kwa posta bila malipo, popote walipo duniani.

Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Haikusubiri kibali cha kampuni yoyote, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi na yeyote angeweza kuutafsiri. Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake walijenga Ushahidi, ramani ya kukusanya taarifa za wananchi. Miaka miwili baadaye ramani hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Neno la Kiswahili likafika huko pamoja nayo.

Nimemweka wa mwisho Daniel Stenberg wa Sweden, kwa sababu ndiye ninayempenda zaidi. Alitaka programu ndogo ya kumletea viwango vya kubadili fedha kutoka mtandaoni, ili awape watu aliokuwa akichati nao. Akachukua kazi ya Mbrazili Rafael Sagula, akaiongezea, na mwaka 1998 ikaitwa curl. Leo iko kwenye mabilioni ya vyombo: simu, televisheni, magari. Leseni yake inakuruhusu kufanya nayo karibu chochote mradi jina la mwandishi libaki. Ndiyo maana wenye magari waliokwama na ramani zao wamewahi kufungua ukurasa wa leseni kwenye kioo cha gari, wakakuta jina lake na anwani yake, na kumwandikia awasaidie. Helikopta Ingenuity iliporuka Mirihi Aprili 2021, GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, iliwawekea alama ya heshima karibu watu 12,000 ambao msimbo wao ulihusika na safari hiyo, na waliochangia curl walikuwa miongoni mwao.

Ukurasa kama ule wa kwenye magari uko kwenye simu yako pia. Fungua Mipangilio, nenda mwisho kabisa penye habari za simu yenyewe, kisha maelezo ya kisheria, kisha leseni. Ni mrefu na herufi zake ni ndogo. Shuka nao polepole, usome majina.