Soma Giza Kabla ya Kukata Waya

Taa za urembo zikizimika, wengi huanza kwa kuzitikisa na kukipigapiga kile kiboksi cha kubadilisha mitindo. Mara nyingine zinawaka, na shida inajificha mpaka usiku wa harusi. Afadhali kwanza utazame: zipi zimezimika, na zipi bado zinawaka?

Mkufu wa taa 100 unaochomekwa ukutani kwa kawaida hupangwa kwa vipande, na ndani ya kila kipande vijitaa hufuatana, umeme ukitoka kimoja kuingia kingine. Sababu ni hesabu tu. Kijitaa cha LED cheupe au cha buluu hutaka kama volti 3, chekundu kama 2, ilhali ukutani kuna 230. Vyeupe 50 vikifuatana hula kama 150, na rezista hubeba kinachozidi.

Kwa hiyo kipande kizima kikifa huku kingine kinawaka, njia imekatika mahali fulani ndani ya kipande hicho. Kikizimika kijitaa kimoja tu, hicho kimepiga shoti: umeme bado unapita, mwanga ndio haupo. Hakina haraka, ila mzigo wake umegawanywa kwa wenzake na rezista, na vikizidi kufa hivyo rezista itaungua. Zikizimika zote, shuku fyuzi ya plagi, kisha waya pale unapoingia kwenye kiboksi, maana hapo ndipo unapokunjwa kila taa zinapofungashwa.

Zile za waya mwembamba wa shaba, zinazotumia betri au USB, nyingi zimefungwa sambamba, na giza lake husomwa vingine. Kijitaa kimoja kikifa, vingine havijali. Giza likianzia mahali na kwenda mpaka mwisho, waya umekatika mara tu baada ya kijitaa cha mwisho kinachowaka.

Turudi kwenye mkufu wa ukutani. Ukishajua kipande, chomoa plagi, na usiirudishe wakati wa kupima. Mwanga mdogo usiochoma mkono huwadanganya watu, lakini pale njia ilipokatika karibu umeme wote wa ukutani husubiri kwenye pengo hilo. Chukua betri ya sarafu ya volti 3, aina ya CR2032, gusisha ncha zake kwenye miguu ya kila kijitaa, na kisipowaka geuza pande. Betri hiyo haina nguvu ya kukiunguza. Mita nayo inafaa, ila nyingi hazitoi volti za kutosha kuwasha kijitaa cheupe, kwa hiyo usikihukumu kwa mita peke yake.

Mara nyingi utakuta kijitaa ni kizima, ubovu uko mguuni. Miguu mingi ni chuma kilichopakwa bati jembamba, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa au Dar es Salaam kutu huila ndani ya kishikio, mahali ambapo jicho halifiki. Vuta kidogo tu. Kikibaki mkononi, umempata mkosaji.

Kijitaa cha kubadilishia kichukue kwenye mkufu uliokufa. Mguu mrefu ni chanya. Ukiwa umekatwa, chungulia ndani, na kwa kawaida kichuma kipana ni hasi. Ukikigeuza kijitaa, kipande kizima kitabaki gizani. Kwenye mfuatano, chekundu kinaweza kushika nafasi ya cheupe. Kwenye sambamba usijaribu, kwani kitavuta umeme na kuwafifisha wenzake. Kuunganisha waya na kuruka kijitaa kimoja kati ya 50 kunavumilika, kuruka 10 ni kutafuta moto. Unga kwa risasi, kisha funika kwa kimpira kinachosinyaa kwa joto. Tepu huachia gundi juani.

Kipande kinachowaka bila kucheza wakati vingine vinacheza kina kosa kwenye kiboksi, kwa kawaida thairista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, iliyopiga shoti. Kama mitindo hiyo haikuhusu, kiache hivyo hivyo.