Shavu, Kitako na Teke la Bunduki

Msimu uliopita, ufuta ulipoanza kukauka mashambani hapa Pande, mwenzetu mmoja alifika msikitini kwa swala ya Alfajiri na shavu lake la kulia limevimba hata akawa hawezi kufungua kinywa sawasawa. Tulidhani ni jino. Kumbe ni bunduki. Usiku ule alikesha shambani akiwazuia nguruwe pori wasiingie mihogoni, na bunduki yake ya marisau, anayoimiliki kwa kibali, ilikuwa imempiga teke la shavu mara nne.

Huenda tungempa pole na kuliacha jambo hapo. Lakini usiku wa tatu alipofyatua tena, aliinua kichwa ili kuliepusha shavu lenye maumivu, na marisau yakapita juu ya nguruwe yakaenda kutoboa makuti ya dungu la jirani. Alhamdulillah, jirani alikuwa ameshuka kuchochea moto. Tangu siku hiyo hatukuliona tena shavu la mwenzetu kuwa ni dogo.

Aliyetufungua macho ni ndugu yetu aliyerudi kutoka Muscat, ambako kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika uwanja wa kulenga shabaha. Kazi yake ilikuwa kupakia visahani kwenye mtambo unaovirusha hewani ili wapigaji wavipasue vikiwa vinapaa. Visahani hivyo huitwa vya udongo, ingawa siku hizi hutengenezwa kwa lami na vumbi la chokaa, na kipenyo chake ni milimita 110. Zamani mchezo huo ulichezwa kwa njiwa hai. Hata katika Olimpiki ya Paris mwaka 1900 njiwa waliuawa kwa mashindano, ilhali Mmarekani George Ligowsky alikuwa amekwisha kubuni kisahani cha udongo tangu 1880. Sisi Waislamu tunalo la kusema hapo, kwani Mtume (S.A.W.) alikwisha kukataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, naye ndiye yule yule aliyehimiza umma wake ujifunze kulenga. Ghuba wameupokea mchezo huu kwa moyo mmoja. Sheikh Ahmed Al Maktoum wa Dubai aliipatia Falme za Kiarabu medali yao ya kwanza ya Olimpiki, nayo ya dhahabu, kwa kupasua visahani huko Athens mwaka 2004.

Watu hao hupiga visahani 125 katika hatua ya mchujo peke yake. Mashavu yao yanasalimika vipi? Ndugu yetu alicheka tulipomwuliza. Wanaoanza, alisema, hulalamika kama mwenzetu, na kosa lao ni lile lile.

Kosa lenyewe ni kukipelekea kitako uso, badala ya kukiletea uso kitako. Mtu hutia bunduki begani kwanza, kisha huinamisha shingo kuitafuta. Shavu hugusa juu juu tu, na panapobaki nafasi baina ya shavu na mti, teke huwa ni kofi. Mpigaji mzoefu husimama wima, uzito wake ukielemea kidogo mguu wa mbele, kisha huinua bunduki ikagusa shavu, na bega ndilo hulifuata kitako. Shavu hukaa kwa uthabiti bila kukandamizwa, mti ukiwa kwenye nyama iliyo juu ya magego na si kwenye mfupa ulio chini ya jicho. Meno hufungwa. Kitako huingia katika bonde lililo baina ya mtulinga na bega, si juu ya mkono.

Lakini wakati mwingine mtu amesimama vyema na bunduki ndiyo isiyomfaa. Katika bunduki nyingi, mgongo wa kitako huwa juu upande wa mbele na huteremka kuelekea begani. Bunduki inaporudi nyuma, ile sehemu ya juu husukumwa chini ya shavu kama kabari. Kitako kikiwa kifupi, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa uso hukaa mbele mno na kidole gumba huweza kuipiga pua. Kipimo ni rahisi. Bunduki ikiwa tupu na imewekwa begani, baina ya pua na gumba pawe na vidole viwili au vitatu.

Mwenzetu alipopimwa hakukuonekana hata kidole kimoja.

Hapo tukaelewa pia habari ya kimto. Mkewe, kwa huruma, alikuwa amemshonea kimto cha sufi akakifunga juu ya kitako, mahali pa shavu. Nia njema, ila kimto kililipandisha jicho, na jicho likipanda marisau nayo hupanda. Huenda makuti ya jirani yalitobolewa na maumivu na kimto kwa pamoja. Kimto kilihamishwa nyuma ya kitako, mahali pa bega, kikakazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kitako kikarefuka, na bega likapata mto wake.

Lililobaki ni risasi. Alikuwa akitumia zenye gramu 36 za marisau, akiamini kwamba nzito ndiyo yenye nguvu. Wale wa Olimpiki hutumia gramu 24. Hatusemi nguruwe ni kisahani, lakini kwa kujifunzia, risasi nyepesi zinatosha, na dazani moja kwa siku ni nyingi kwa mtu anayeanza. Shavu lililokwisha kuvimba lipumzishwe na likandwe kwa kitambaa cha maji baridi. Jino likilegea, taya likikataa kufunguka au jicho likiona ukungu, mtu aende zahanati.

Wenye magobore walituuliza kama haya yanawahusu. Mkao ni ule ule, lakini teke la gobore hutegemea baruti aliyoishindilia mtu kwa mkono wake, na anayekadiria kwa macho gizani hajui anachokiweka shavuni pake. Tena sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka kibali, na asiye nacho aanzie kituo cha polisi kabla ya kutufuata sisi.

Jumamosi moja baada ya Alasiri, mwenzetu alipanga vifuu sita juu ya kichuguu, nyuma yake pakiwa na kilima kitupu. Alipasua vinne. Tulilitazama shavu lake, naye akatuambia tumtazame bega.