Unauza Vitu Mtandaoni Kitale ama Bungoma? Hizi Ndizo Leseni Unaeza Itishwa

Kuna story inazunguka kwa wasee wa bizna za simu: ati ukiuzia kwa TikTok, Facebook ama status ya WhatsApp, kanjo hawakuhusu juu hauna duka. Wengine nao wanaamini kuna leseni spesheli ya kuuza mtandaoni. Zote mbili si ukweli. Kenya haina leseni moja ya mtandao, so mtu akikuitisha doo akutafutie, hepa. Serikali inaangalia vitu viwili tu: mali yako inakaa wapi, na ni mali gani.

Tuanze na pahali inakaa. Single Business Permit inatolewa na kaunti na unailipia kila mwaka. Ukikodisha kastoo Kitale, unalipa kaunti ya Trans Nzoia, hata kama hakuna kastoma amewahi ingia hapo mlangoni. Bei inategemea aina na saizi ya bizna, na kila kaunti inajipangia yake, so usikopi bei ya beshte wako wa Eldoret. Kuuzia kwa bedsitter pia haikutoi kwa hiyo sheria. Ni vile tu kanjo hawajajua mlango wako.

Sasa shida iko kwa mpaka. Mzigo unatoka steji ya Kitale, unapita Kiminini, na ukifika Kamukuywa uko tayari kaunti ya Bungoma. Unahitaji permit mbili? Zii. Permit inafuata mahali unafanyia kazi, si mahali kastoma anaishi. Katiba yenyewe, kifungu cha 209(5), inakataza kaunti kutoza kwa njia inaumiza biashara ya kuvuka mipaka ya kaunti. Lakini siku utafungua kibanda cha watu kuchukulia mizigo Kanduyi, hapo umekuwa mtu wa Bungoma na permit ya huko inakuhusu. Na ukianza kubebea watu wengine vifurushi kwa malipo, hiyo ni kazi ya kuria, na leseni yake inatoka Communications Authority.

Jina la bizna, kama si jina lako halisi, linasajiliwa kupitia eCitizen kwa karibu thao moja. Hiyo ni rahisi. Yenye inashika wengi ni KRA. Mauzo yakipita milioni 1 kwa mwaka, bora yasizidi milioni 25, kuna ile turnover tax. Ilikuwa asilimia 1, ikapandishwa hadi 3 Julai 2023. Milioni 1 inaskika kubwa, lakini piga hesabu: elfu 85 kwa mwezi na umeshapita. Na wanakata kwa mauzo, si kwa faida! Ukiuza njumu za laki moja na faida ikuwe elfu 10, elfu 3 ni ya KRA, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Weka hiyo kwa bei mapema. Chini ya milioni hiyo turnover tax haikugusi, lakini returns za kila mwaka bado unajaza kabla Juni 30 iishe.

Tukuje kwa mali yenyewe. Nguo na viatu hazina mambo mingi. Chakula cha kupika kinataka cheti cha afya, chenye kinarudiwa kila miezi 6. Maziwa ni Kenya Dairy Board. Asali ama siagi ya njugu ukiipakia na lebo yako, tafuta alama ya KEBS. Dawa wachana nazo kama hauna leseni ya Pharmacy and Poisons Board.

Lakini kwa hii upande yetu, noma kubwa ni mbegu. Kenya Seed iko hapa hapa Kitale, so ikikaribia msimu wa mvua kila mtu anageuka agrovet kwa Facebook. Kuuza mbegu kunahitaji leseni ya KEPHIS. Pakiti halali ina stika ya kukwaruza. Mkulima anatuma ile namba kwa 1393 na anajibiwa kama ni orijino. Ukifungua pakiti upime kwa gorogoro, mtu wa Tongaren hana tena njia ya kucheki. Mahindi yakikataa kumea, yeye amepoteza msimu mzima, si mia nne tu ya mbegu. Na screenshot za M-Pesa ziko na jina lako.

Kitu ingine, hii haina permit lakini ina faini: picha ya kastoma amevaa dera yako. Uliza kwanza kabla upost. Mwaka wa 2023 ofisi ya kulinda data ilipiga Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya milioni 1.85 kwa kupost picha ya mteja bila ruhusa. Bizna ndogo haihitaji kujisajili kwa hiyo ofisi, kama mauzo hayafiki milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi hawafiki 10, lakini ruhusa ya mwenye sura bado unaitaka. Iitishe kwa meseji, ndio ibaki kwa simu.