Kuunga Umeme wa Karavani Kambini

Leo tutazungumza juu ya karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu ivutwayo na motokaa. Katika kambi nyingi za Uingereza, kando ya kiwanja huwa pana nguzo fupi yenye tundu la umeme. Umeme huo ni wa volti 230, nao waweza kuua. Basi shikeni utaratibu huu.

Kwanza, zimeni swichi ya nguzo.

Pili, kunjueni waya wote, hata kama nguzo i karibu. Waya uliozongwa hupata moto mwingi hata ganda lake likayeyuka.

Tatu, chomekeni waya katika karavani, kisha katika nguzo. Kwa nini? Kwa sababu mkianza na nguzo, na swichi haikuzimwa sawasawa, mtakuwa mmeshika mkononi ncha yenye umeme.

Nne, washeni nguzo, kisha bonyezeni kitufe cha kujaribia katika swichi ya usalama iliyo ndani ya karavani. Ikikata umeme, ni nzima, irudisheni. Isipokata, zimeni nguzo, chomoeni waya, mwiteni fundi.

Siku ya kuondoka, zimeni nguzo, chomoeni kwanza hapo, halafu katika karavani.

Sasa hesabu. Nguzo ya ampea 10 hutoa wati 2,300. Birika la wati 2,000 na hita ya wati 1,000 ni wati 3,000: nguzo yaweza kujizima. Chemsheni chai kwanza, ndipo mwote moto.