Ukitaka Kumpiga Picha Farasi, Anza na Masikio

Picha ya kwanza ambayo mtu humpiga farasi huwa na kasoro zilezile. Kichwa kimefura kama pipa, miguu ya nyuma imesinyaa, masikio yamelala kisogoni. Aliyepiga huilaumu simu yake na kuanza kuulizia bei za kamera. Mara nyingi simu haina kosa. Kosa ni pale aliposimama.

Lenzi ya kawaida ya simu huona kwa upana, na kilicho karibu nayo hukikuza kuliko kilicho mbali. Farasi ni mnyama mrefu, toka pua hadi mkia anapita mita mbili. Ukimsogelea usoni, pua inakuwa hatua moja kutoka kwako na nyonga ziko mbali kabisa, ndiyo maana umbo linaharibika. Rudi nyuma hatua kumi au kumi na tano, simama ubavuni kwake, kisha vuta picha kwa lenzi ya simu ya mara mbili au tatu. Mwenye kamera atumie lenzi ya milimita 70 hadi 200, na aitumie kuanzia 100 kwenda juu. Halafu inama hadi kamera ifike usawa wa katikati ya mwili wake. Ukimpiga kutoka juu, miguu itaonekana mifupi, na fahari ya farasi iko miguuni.

Sasa masikio. Kila sikio la farasi hugeuka peke yake. Yakielekea mbele, kuna kitu kimemvutia. Yakilegea pembeni, amepumzika. Yakilala nyuma kabisa, amekasirika au anaumwa, na hapo weka kamera chini umwachie nafasi. Macho yake hubadilika kidogo sana kwenye picha, kwa hiyo masikio ndiyo yanayomwambia mtazamaji farasi huyu ana hali gani.

Somo hili nililipata kwa saisi mmoja kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Alikuwa ameshika hatamu kwa mkono mmoja, na mfukoni ana pakiti tupu ya krispi. Aliniuliza, “Uko tayari?” Nikamjibu ndiyo. Akaiminya pakiti mara moja tu. Masikio yakasimama, shingo ikanyooka, farasi akatazama mbali kama anayesubiri mgeni. Ilidumu muda wa kuvuta pumzi moja. Alipoiminya tena, likainuka sikio moja. Mara ya tatu, farasi hakujali. Kwa hiyo panga kila kitu kwanza: mwanga, mandhari ya nyuma, miguu minne yote ionekane. Sauti iwe ya mwisho, na aitoe mtu aliyemzoea farasi huyo.

Saisi pia ndiye atakayekuonyesha pa kupita. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Anayemjia kwa nyuma kimyakimya anatafuta teke. Mjie kwa upande wa bega, ukizungumza kwa sauti ya chini. Flashi izime, kwani mwanga wa ghafla unaweza kumshtua akamvuta au kumkanyaga aliyemshika.

Kumpiga farasi aliye mwendoni ni kazi nyingine. Zamani wachoraji waliwachora farasi wa mbio wakiwa wamenyoosha miguu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, wakielea hewani. Mchoraji Géricault aliwachora hivyo mwaka 1821 katika picha ya mbio za Epsom, Uingereza. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na kumpiga farasi jike Sallie Gardner akienda shoti. Ikadhihirika kwamba kweli kuna wakati kwato zote nne huacha ardhi, lakini huwa miguu imekunjwa chini ya tumbo. Jicho la binadamu lilikuwa halijawahi kuliona hilo.

Jicho lako nalo halitaliona, kwa hiyo weka kamera ipige mfululizo, uchague baadaye. Farasi anayekimbia kilomita 60 kwa saa husogea sentimita 17 hivi katika sehemu ya mia ya sekunde, na picha itakuwa ukungu mtupu. Kwa shoti weka kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Kwa mchakamchaka, 1/500 yaweza kutosha. Katika mchakamchaka, mguu wa mbele wa kushoto huenda pamoja na wa nyuma wa kulia. Chagua picha ambayo mguu wa mbele ulio upande wako umenyooka kwenda mbele. Picha za shoti ambazo miguu imekusanyika tumboni ni za kweli, ila mimi huziacha: farasi huonekana kama aliyejikwaa.

Kwetu karibu na ikweta, jua la saa sita humwagika kutoka juu, tumbo likawa giza na jicho likazama. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Farasi mweusi huipotosha kamera, ikamfanya wa kijivu. Punguza mwanga kidogo. Kwa mweupe, ongeza.

Kama huna farasi wa jirani, nenda uwanjani siku ya mbio, usimame nje ya uzio pale wanapozungushwa kabla ya kuanza. Wanatembea polepole, wanapita karibu, na watarudi tena. Ukishapata picha moja iliyokaa vizuri, ichapishe kwenye karatasi umpelekee saisi aliyekushikia farasi. Ana haki nayo.