Konzo: Sianidi ya Muhogo na Seli za Ubongo Zinazoendesha Miguu

Konzo ni ugonjwa wa neva unaopoozesha miguu yote miwili kwa ghafla na kwa kudumu, nao huwapata zaidi watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa, katika vijiji ambako muhogo mchungu ndio chakula cha kila siku na kitoweo ni haba. Mtu aliyelala akiwa mzima huweza kuamka asubuhi miguu ikiwa imekakamaa na kukataa kumbeba, na baada ya siku chache hali hiyo hutulia pale ilipofikia, haizidi na wala haiponi. Wepesi au uzito wa ulemavu hutofautiana, kwa kuwa wako wanaotembea bila msaada ingawa kwa kuchechemea, wako wanaohitaji fimbo, na wako wasioweza kutembea kabisa. Hata hivyo akili ya mgonjwa huonekana kubaki timamu, ngozi yake huhisi joto na mguso kama kawaida, na haja zake huzidhibiti mwenyewe. Sumu inayoenea mwilini mzima ilhali ikichagua kundi moja tu la seli za kuharibu ni jambo linalohitaji maelezo ya kikemia, na ndiyo sababu konzo imekuwa somo muhimu kwa wanabayokemia wanaochunguza jinsi seli za ubongo zinavyopata nishati na zinavyojilinda.

Maelezo ya kwanza ya kitabibu yalitolewa mwaka 1938 na daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliyewachunguza wagonjwa wa eneo la Kwango katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji, na jina alilolitumia alilichukua kutoka lugha ya Wayaka wa eneo hilo. Mwaka 1981, ukame ulipoikumba Nampula kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza katika kipindi kifupi, na daktari Msweden Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi huko, akawa miongoni mwa waliouhusisha ugonjwa huo na sianidi ya muhogo. Ukame wa katikati ya miaka ya 1980 ulileta mlipuko mwingine katika mkoa wa Mara nchini Tanzania, na uchambuzi wa wagonjwa 39 wa Tanzania ulichapishwa mwaka 1990 na watafiti waliokuwa pamoja na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Ugonjwa huu umeripotiwa pia katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kameruni na Angola, lakini mzigo mkubwa zaidi umeiangukia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vitatu vya kuutambua: mwendo wa kukakamaa unaoathiri miguu yote miwili kwa usawa, mwanzo wa ghafla usiozidi wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima bila kuendelea kuzidi baadaye, na mruko uliopita kiasi wa magoti au vifundo vya miguu pasipo dalili za ugonjwa wa mifupa ya mgongo.

Kigezo hicho cha tatu ndicho kinachoonyesha mahali penye madhara. Amri ya kukunja goti hupitia seli mbili za neva zinazopokezana: ya kwanza, iitwayo seli ya mwendo ya juu, ina kiini chake katika gamba la ubongo na huteremsha aksoni, yaani mkia mrefu unaopitisha ishara za umeme, hadi ndani ya uti wa mgongo; ya pili, iitwayo seli ya mwendo ya chini, hutoka katika uti wa mgongo na kwenda kwenye msuli wenyewe. Katika polio seli ya chini ndiyo hufa, hivyo msuli hulegea na kusinyaa. Katika konzo seli ya chini huendelea kuishi lakini hukosa usimamizi wa seli ya juu, hivyo msuli hukakamaa, na goti likigongwa kwa nyundo ndogo ya daktari mguu huruka kupita kawaida. Uchunguzi wa wagonjwa wawili wa Kitanzania, uliochapishwa mwaka 1993, ulithibitisha jambo hilo kwa namna ya kustaajabisha, maana picha zilizopigwa kwa mashine ya sumaku hazikuonyesha kasoro yoyote katika ubongo wala uti wa mgongo, ilhali gamba la ubongo liliposisimuliwa kwa mawimbi ya sumaku misuli haikupokea ishara yoyote. Umbo la ubongo lilikuwa kamili, lakini njia ya amri ilikuwa imekatika.

Chanzo cha sumu ni linamarini, kampaundi ambayo mmea wa muhogo huitengeneza kwa ajili ya kujikinga na wanyama na wadudu, na ambayo ndani yake sianidi imefungwa pamoja na sukari ya glukosi. Katika kiazi kizima linamarini huhifadhiwa ndani ya seli, na kimeng'enya kinachoivunja, linamarasi, hukaa katika kuta za seli hizo, kwa hiyo viwili hivyo havikutani mpaka kiazi kikatwe, kitwangwe au kilowekwe hadi kilainike. Vikikutana, linamarini huvunjika hatua kwa hatua na kutoa gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye joto la karibu nyuzi 26 za Selsiasi na hivyo hupotea hewani kwa urahisi. Mila za kuloweka muhogo mchungu kwa siku kadhaa, au kuuvundika kabla ya kuuanika, zina msingi imara wa kikemia, kwa kuwa huipa linamarasi muda wa kumaliza kazi yake. Kuchemsha tu vipande vikubwa hakutoshi, kwa sababu joto hukiharibu kimeng'enya kabla linamarini haijavunjwa, na kile kinachobaki huingia tumboni, ambako sehemu yake hutoka katika mkojo bila kubadilika na sehemu nyingine huvunjwa na bakteria wa utumbo na kutoa sianidi ndani ya mwili.

Ndani ya seli sianidi huelekea kwenye mitokondria, vijumba vidogo ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni ili kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya kazi zote za seli. Huko hunasa kwenye chuma kilichomo katika saitokromu oksidasi, kimeng'enya kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni katika hatua ya mwisho ya mchakato huo, na kwa kufanya hivyo huzuia seli isitumie oksijeni hata kama damu imeileta kwa wingi. Ubongo huathirika upesi kuliko viungo vingine kwa sababu, ingawa uzito wake ni takriban asilimia 2 tu ya mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na sehemu kubwa ya nishati yake huenda katika kusukuma madini ya sodiamu na potasiamu kupitia utando wa seli ili ishara za umeme ziweze kupita.

Hata hivyo sianidi peke yake haitoshi kueleza konzo, kwa kuwa mamilioni ya watu hula muhogo maisha yao yote bila kuugua. Mwili una kinga yake, kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huunganisha sianidi na salfa na kuigeuza kuwa thiosianati, dutu isiyo na makali kama hayo inayotolewa kwa mkojo, na hospitalini dawa ya salfa iitwayo thiosulfati hutumika kumwokoa aliyemeza sianidi kwa kanuni hiyohiyo. Salfa hiyo hutokana na amino asidi mbili za protini, methionini na sisteini, zinazopatikana kwa wingi katika samaki, nyama, mayai na maziwa, ilhali kiazi cha muhogo kina protini kidogo mno na amino asidi hizo ndani yake ni chache zaidi. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa hupata pamoja na sumu kile kinachoiondoa, lakini anayekula ugali huohuo kwa majani matupu wiki baada ya wiki huitumia akiba yake ya salfa pasipo kuirudisha. Kwa maneno mengine, konzo hutokea pale wingi wa sumu unapokutana na uhaba wa salfa, na hakuna upande mmoja kati ya hizo mbili unaotosha bila mwenzake.

Salfa inapopungua, sehemu ya sianidi hufuata njia nyingine za kikemia, na mojawapo huishia kwenye sianati, dutu inayojishikiza kwenye protini za mwili na kubadilisha umbo na kazi yake. Madhara ya sianati kwa neva yalijulikana kwa njia isiyotarajiwa katika miaka ya 1970, ilipojaribiwa kuwa dawa ya selimundu kwa kuwa huzuia chembe nyekundu za damu zisipinde, lakini ikaachwa baada ya baadhi ya wagonjwa kupata madhara ya neva. Upungufu wa sisteini una athari nyingine pia, maana ndiyo malighafi ya glutathioni, kinga kuu ya seli dhidi ya oksijeni kali zinazozalishwa na mitokondria iliyojeruhiwa. Nadharia ya tatu huitazama thiosianati yenyewe, inayodhaniwa kuongeza wepesi wa vipokezi vya glutamati, kemikali inayosisimua seli za neva na ambayo ikizidi huziua. Nadharia hii hupata nguvu kutokana na ugonjwa wa lathirizimu unaojulikana Ethiopia, ambao hufanana sana na konzo na husababishwa na punje za mmea wa Lathyrus sativus zenye sumu inayoiga glutamati. Seli zinazopeleka amri miguuni zina aksoni ndefu kuliko zinazopeleka mikononi, baadhi zikizidi nusu mita kwa mtu mzima, na urefu huo huongeza mahitaji ya nishati na ya ukarabati wa protini, jambo linaloweza kueleza kwa nini miguu ndiyo hutangulia kudhurika.

Uwiano kati ya sumu na salfa hauamuliwi na mwili pekee. Ukame huongeza linamarini katika viazi, na papo hapo huua mazao mengine na kuifanya familia ile muhogo mtupu. Katika lililokuwa jimbo la Bandundu nchini Kongo, barabara ya lami iliyorahisisha biashara na Kinshasa iliwafanya wakulima wafupishe ulowekaji kutoka siku tatu hadi moja ili bidhaa ifike sokoni mapema, na konzo ikafuata. Vita navyo huwafukuza watu kwenye mashamba na mito yao, kama ilivyoonekana Kivu ya Kusini katika nchi hiyohiyo. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika wilaya ya Kahemba nchini humo hata watoto wasio na konzo walipata alama za chini katika vipimo vya kumbukumbu wakilinganishwa na watoto wa eneo lisilo na ugonjwa, hali inayoashiria kwamba kilema cha miguu ni sehemu tu ya madhara, ile inayoonekana kwa macho.

Kwa kuwa seli ya mwendo iliyokufa haioti tena, juhudi kubwa zimeelekezwa kwenye kinga. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni njia rahisi ambayo unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, ili linamarasi iliyobaki katika unga imalize linamarini na gesi ipotee hewani kabla ya ugali kusongwa. Njia hiyo ilipofundishwa kwa wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge, katika eneo la Popokabaka nchini Kongo, hakuna mgonjwa mpya aliyetokea katika kipindi cha mradi. Kiwango cha usalama kinachotambuliwa kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo moja ya unga, na kiasi cha thiosianati katika mkojo wa watoto wa shule huonyesha mapema ni vijiji vipi vinavyoukaribia mlipuko. Vipimo hivyo viwili, vikifanywa mvua zinapokosekana na sio baada ya watoto kuanza kuanguka, huwapa maofisa wa lishe muda wa kupeleka mafunzo ya kulowesha unga pamoja na maharage na dagaa, yaani kupunguza sumu na kurudisha salfa kwa wakati mmoja.