Meno ya zulia na kosa la mwalimu wa ngeli

Simu ilinijia nikiwa mlangoni mwa darasa. Kijana niliyemwachia kazi ya kutandika zulia chumbani mwa mama alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya simiti, nyundo mkononi, na alikuwa na swali moja tu: "Mwalimu, hizi meno ziangalie wapi?"

Mazoea yana taabu. Kabla ya kulijibu swali nililitengeneza kwanza: "Haya meno, yaangalie wapi." Akacheka, akarudia kama mwanafunzi mtiifu, "Sawa mwalimu, haya meno yaangalie wapi?" Nikamwambia yaangalie nje. Akasema poa, nikaingia darasani kufundisha upatanisho wa kisarufi.

Wiki sita baadaye, ukingo wa zulia karibu na mlango ulikuwa umeachia na kuinuka kama ulimi. Mama huburuta kidogo mguu wake wa kushoto. Alijikwaa hapo alfajiri akielekea msalani, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Hakumlaumu mtu. "Ni huu mguu wangu, mwanangu," alisema. Lakini nilipolifunua lile zulia nikaona meno yote yameinamia katikati ya chumba, nilijua mguu haukuwa na hatia. Mwenye hatia alikuwa neno "nje", na aliyelitamka ni mimi.

Labda nieleze kifaa chenyewe, maana wengi wetu tunalijua zulia la kununuliwa kwa mita na kutupwa tu sakafuni, likishikiliwa na miguu ya makochi. Zulia linaloenea ukuta hadi ukuta ni jambo jingine. Hilo huvutwa likakazika kama ngozi ya ngoma, kisha hunaswa kingoni na vijiti vya mbao vyembamba, upana wake kama sentimita 2.5, vyenye safu mbili au tatu za vijimsumari vilivyochomoza juu. Mafundi wengi huviita gripa. Vijimsumari hivyo havikusimama wima. Vimelala upande mmoja, na siri yote imo humo. Zulia lililokazwa hutaka kurudi katikati ya chumba. Meno yakiinamia ukuta, kadiri zulia linavyovuta ndivyo linavyozidi kujitia ndani ya meno, mfano wa samaki na ndoana. Yakiinamia chumba, zulia huteleza likatoka polepole, na mwenye nyumba hana habari mpaka siku mtu aanguke.

Sasa turudi kwenye "nje". Nilipolitamka nilijiona nimesimama katikati ya chumba. Kutoka hapo, ukuta uko nje, ndio mpaka wa mwisho. Kijana naye alikuwa amechuchumaa pembeni, uso wake ukikaribia kugusa ukuta. Kwake yeye, kule ukutani ndiko ndani, ndani ya kona, na nje ni kule kwenye nafasi, nyuma ya mgongo wake. Tulitumia neno moja, katika lugha moja, na kila mmoja alikuwa sahihi pale alipokuwa. Wanaisimu wanayaweka maneno kama haya katika kundi la maneno elekezi: hapa, pale, mbele, nyuma, kushoto, njoo, leta. Maana yake haikamiliki mpaka ujue msemaji yuko wapi na anatazama wapi. Ana kwa ana tunasaidiwa na kidole, macho, hata midomo (nani asiyejua jinsi Mkenya anavyoonyesha njia kwa mdomo?). Simu hutunyang'anya vyote hivyo.

Dawa yake haikuwa ngumu. Ningetaja kitu badala ya upande: "Meno yaangalie ukuta." Ukuta hauhami mtu akigeuka.

Neno jingine lililotuponza ni "karibu". Nilikuwa nimemwambia agongomee gripa karibu na ukuta. Akazibana kabisa, mbao ikagusa ukuta. Kumbe panatakiwa pengo, dogo kidogo kuliko unene wa zulia lenyewe, ili ukingo upate mahali pa kusokomezwa ukapotea machoni. Pengo likikosekana ukingo hubaki juu ukichanika nyuzi. Likizidi, zulia huning'inia bila kitu cha kulishika. Kiswahili kina "karibu na", "kando ya", "ubavuni pa", nasi tunaitumia hii pa-, ku- na m- yetu kwa fahari kuonyesha kama mahali ni mahususi, si mahususi, au ni ndani. Hata hivyo hakuna kiambishi kitakachokupa milimita 7. Wazee walipima kwa kidole, shibiri na dhiraa kwa sababu hiyo hiyo. Fundi mmoja mzee niliyemwendea baadaye alinipa kipimo cha aina hiyo: "Laza penseli kati ya gripa na ukuta, usiongeze, usipunguze." Penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7 hivi. Kwa mazulia mengi ya nyumbani inatosha.

Mzee huyo ndiye aliyenifumbua macho pia kuhusu vitenzi. Nilikuwa nikisema "kuweka" gripa. Akaniuliza, kwa upole lakini bila kunionea haya, "Kuweka aje? Hii ni sufuria?" Kwake yeye sakafu ngumu haina kitenzi kimoja.

Kama simiti ni nzima na kavu, unagongomea. Gripa za sakafu ya simiti huja na misumari ya stili iliyokwisha kuchomekwa, mifupi na minene kuliko ile ya mbao. Unaigonga kwa mapigo machache mazito yaliyonyooka, wala si kwa kudonoadonoa, na macho umeyafunika kwa miwani kwa kuwa simiti hurusha vipande. Kipande cha gripa kikiwa kifupi, hata cha shibiri moja tu, kisikose misumari miwili. Msumari mmoja hukifanya kizunguke.

Kama msumari unaruka na kupinda, simiti ni ngumu mno, na hapo unatoboa. Mzee husema "kupiga drili", na nilipomtajia "kupekecha" na "kekee" alitabasamu. Alimsikia babu yake akiyatumia maneno hayo, kekee ikiendeshwa kwa uta. Tundu likishatobolewa na vumbi kutolewa, hutiwa kizibo cha plastiki, kisha parafujo.

Na kama sakafu ni ya vigae au terazo, au unajua kuna mabomba na nyaya zilizopita chini, nyundo iweke mbali. Hapo unagandisha. Fagia, pangusa, hakikisha pamekauka, paka gundi nzito ya ujenzi, bandika, kisha ngoja. Kungoja ndiko kunakowashinda vijana. Gundi nyingi huhitaji kukaa walau hadi kesho yake kabla ya zulia kuvutwa juu yake, la sivyo zulia litang'oa gripa yote na kazi ianze upya.

Kugongomea, kutoboa na kugandisha: ningemwambia yule kijana mojawapo, angeuliza swali linalofuata. Nilimwambia "weka", naye akaweka.

Hata neno "sakafu" lina safari yake. Kwa Kiarabu, neno lililotuzalia hili lina maana ya paa au dari. Kwenye nyumba za mawe za pwani yetu, dari ya chini na sakafu ya juu vilikuwa kitu kimoja, tabaka la mawe na chokaa lililopondwa juu ya boriti, na kamusi za zamani hulieleza neno sakafu kwa maana zote mbili, chini na juu. Kitenzi "sakifu" bado kimo kamusini ingawa sijakisikia katika mjengo wowote wa Nairobi. Kwa hiyo neno lililokuwa juu ya kichwa cha Mwarabu limekuwa chini ya nyayo zetu, na ni suala lile lile la mtu amesimama wapi.

Wamarekani nao hukiita kifaa hiki kwa jina lenye maana ya "kisicho na misumari", ilhali kimejaa misumari kama nungunungu. Wanachomaanisha ni kwamba zulia lenyewe halipigiliwi misumari kutoka juu. Jina limetazama kazi kutoka upande wa zulia.

Nimejiuliza sisi tukiite nini. "Gripa" limeshazoeleka na sina ugomvi nalo. Lakini tunalo neno "ufito", wingi wake "fito", zile fimbo nyembamba zinazofungwa juu ya nguzo ili udongo wa nyumba ushike. Kazi ni ile ile: kijiti chembamba kinachokaa kisionekane, kikashika kinachoonekana. "Ufito wa meno" humwambia asiyekijua kwamba ni kijiti na kwamba kina meno. Tena, msomaji, fito ni hizi, ziangalie, zigongomewe. Yule kijana na ngeli yake ya simuni hakuwa mbali sana na usahihi kama angekuwa anazitaja fito na si meno.

Jumamosi iliyopita tulirudia kazi pamoja, yeye na mimi, mama akiwa ameketi kitandani na plasta yake mkononi akituamuru kama nyapara. Fito za zamani ziling'oka na vipande vya simiti, ikabidi tuzibe mashimo na kuyaacha yakauke, halafu tusogeze misumari mipya mbali na yale ya zamani. Kijana aliweka penseli ukutani, akalaza ufito, akainama na kupitisha kidole juu ya meno. "Haya meno yanaangalia ukuta," alisema kwa sauti, na sijui kama alikuwa akijikumbusha au akinikumbusha mimi.

Tulipungukiwa na vipande viwili, nikatumwa dukani. Nilimwomba muuzaji fito za meno za zulia. Alinitazama, akafikiri kidogo, akauliza, "Unamaanisha gripa? Za mbao ama za simiti?"

Nikamwambia za simiti.